Kubemenda, na Haki ya Mtoto Aliyepata Ndugu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba katika udhaifu kisha akatupa nguvu baada ya udhaifu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya haya.

Ndugu msomaji, darasa letu la leo ni katika mambo ya nyumbani. Huenda wako watakaosema kuwa kunyonyesha na kuachisha ziwa ni shughuli za wanawake, hazifai kuandikwa katika karatasi ya elimu. Nasi twajibu kwamba jambo ambalo Mola wetu ameliteremshia aya katika Kitabu chake, na maimamu wakaisoma aya hiyo mihirabuni, si jambo la kuonewa haya. La kuonewa haya ni kwamba twaisoma aya hiyo miaka nenda miaka rudi, na nyumbani mwetu twafanya kinyume chake.

Jambo lenyewe twalionea mifano katika miji yetu ya pwani. Nyumba imeruzukiwa mtoto mchanga. Mzazi yumo chumba cha ndani, akandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga. Wageni waingia na kutoka, na kila aingiaye huenda moja kwa moja kumfunua mchanga uso na kusema mashaallah. Kando ya kitanda amesimama mtoto mwingine, umri wake mwaka mmoja na nusu au miwili. Juzi yeye ndiye aliyekuwa mchanga. Leo akisogea huambiwa, "Ondoka, utamwamsha mwenzako," na mgeni mwenye mzaha humcheka akamwambia kuwa mama si wake tena. Siku mamake alipojua kuwa ana mimba, ziwa lilipakwa shubiri, naye akaachishwa kwa siku moja. Tangu hapo chakula chake ni chai ya rangi na kipande cha mkate, au uji mwepesi usio na kitu. Sasa mtoto huyu amekonda, au miguu imemvimba. Hachezi, hacheki, na chakula hukisukumia mbali. Wakubwa wa nyumba humtazama, wakanong'onezana wakisema, "Huyu amebemendwa."

Basi twataka kulichungua neno hili, tujue lina ukweli gani katika dini na katika elimu ya tiba, na mtoto huyu ana haki gani juu yetu.

MADHARA YA ITIKADI HII

Wasemao kubemenda hukusudia kwamba mtoto anyonyaye hudhurika kwa sababu baba amemkaribia mama kabla ya kumwachisha, au mama ameshika mimba hali ananyonyesha, au baba ametoka nje ya ndoa kisha akarudi akampakata mtoto. Kwa madai yao, maziwa huharibika, na mtoto hulegea miguu, akachelewa kutembea na kunyong'onyea.

Itikadi hii ina madhara matatu. La kwanza ni fitina. Mtoto akikonda, mama humtazama baba kwa jicho la shaka, na mama mkwe humtazama mkaza mwanawe kwa jicho hilohilo. Baba huhukumiwa kuwa amezini, na ushahidi ni miguu ya mtoto. Enyi ndugu, je, hamkuisoma Suratun Nur? Katika aya ya 4 ya sura hiyo Mwenyezi Mungu amemwekea mwenye kumsingizia zina mwanamke mwenye kujihifadhi, kisha asilete mashahidi wanne, adhabu ya mijeledi 80, na ushahidi wake haukubaliwi tena. Nao wanachuoni wameijumuisha katika hukumu hiyo heshima ya mwanamume pia. Zina ni haramu kubwa kwa dalili zake zilizo wazi, wala haihitaji kutiliwa nguvu kwa ugonjwa wa mtoto. Na mtoto mnyonge si shahidi.

Dhara la pili ni kupoteza wakati na mali. Mtoto huvalishwa hirizi, huandikiwa makombe, hupelekwa kwa mganga huyu na yule, na kila siku ipitayo mwili wake wazidi kuisha. Dua na kisomo cha Qur'ani ni kheri wala hatukatai. Lakini Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tutafute dawa, akatufahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa illa aliuteremshia na dawa yake. Mwenye kuiacha dawa iliyojulikana akashika uzi na karatasi, hajafuata amri hiyo.

Dhara la tatu ndilo kubwa kuliko yote, na wengi hawalioni. Mama aliyefundishwa kuwa maziwa yake yamekuwa sumu tangu siku aliposhika mimba, huyakata siku hiyohiyo. Mtoto ambaye jana alipata katika maziwa sehemu kubwa ya chakula chake, na faraja yake yote, leo anavikosa vyote viwili. Hapo ndipo hukonda, na akisha kukonda watu husema, "Mwaona? Tulisema amebemendwa." Kwa hiyo itikadi yenyewe ndiyo iliyomtia ugonjwa, kisha ikautumia ugonjwa huo kuwa hoja yake.

NENO LA MTUME (S.A.W.)

Jambo hili si geni. Waarabu walikuwa nalo, wakiliita ghila. Imamu Malik amelieleza kuwa ni mume kumkaribia mkewe hali ananyonyesha, na wengine wamesema ni mwanamke kunyonyesha hali ana mimba. Katika Sahihi Muslim, Bibi Judama binti Wahb (r.a.) amesimulia kwamba alimsikia Mtume (s.a.w.) akieleza kuwa alikusudia kulikataza jambo hilo, kisha akaangalia hali ya Warumi na Wafursi, akaona wao hulifanya na watoto wao hawapatwi na madhara.

Tafadhali izingatie hadithi hii. Mtume wetu hakuyapokea maneno ya watu kwa kuwa ni ya zamani tu. Alitazama mataifa mengine, akaona kuwa lile linaloogopwa halikutokea, naye akaacha kukataza. Huu ni mwendo wa kupima mambo kwa yaonekanayo, na ametufundisha yeye mwenyewe. Basi imekuwaje sisi umma wake tushikilie lile ambalo yeye aliliangalia akaliacha?

Huenda mtu akasema, "Mbona katika Sunan Abu Daud iko hadithi ya Bibi Asmaa binti Yazid (r.a.), isemayo kuwa ghila humfikia mtu hata akiwa mpanda farasi, ikamwangusha?" Jawabu ni kwamba wanachuoni wameziangalia hadithi zote mbili, na wako waliozipatanisha kwa kusema kuwa ile ya pili ni nasaha na tahadhari, si kuharamisha. Na nasaha hiyo ina maana. Mimba juu ya mimba, bila ya kupumzika, ni mzigo kwa mama na kwa mtoto aliye ziwani. Maziwa aghalabu hupungua mimba inapokua, na mama asiyekula vizuri huchoka mno. Lakini kupungua si kugeuka sumu. Dawa ya kilichopungua ni kuongezewa: mama aongezewe chakula na mapumziko, na mtoto aongezewe chakula kingine. Kumnyang'anya hata kile kichache kilichobaki si dawa.

UGONJWA WENYEWE

Sasa na tuutazame ugonjwa. Katika miaka ya 1930 alikuwako Afrika ya Magharibi, katika nchi ambayo leo ni Ghana, daktari mwanamke aliyezaliwa Jamaica, jina lake Cicely Williams. Aliwaona watoto wadogo wanaovimba miguu, ngozi zao zikibambuka na nywele zao zikipauka. Akawauliza wanawake wa huko jina la ugonjwa huo, nao wakamtajia neno la lugha ya Waga, kwashiorkor, ambalo mwaka 1935 alilitangaza katika jarida la madaktari la Uingereza. Neno hilo maana yake ni ugonjwa umpatao mtoto anapozaliwa mdogo wake. Kwa Kiswahili ugonjwa huu huitwa unyafuzi.

Wanawake hao waliona lile ambalo wazee wetu wameliona: mtoto mmoja huja, na mwingine hudhoofu. Kuona kwao kulikuwa sahihi. Kosa la wetu liko katika kutaja sababu. Mtoto hudhoofu kwa kuwa ameondolewa ziwani ghafla, akawekwa kwenye chakula cha wanga mtupu kisichojenga mwili, wakati uleule ambao macho ya nyumba yote yamegeukia kwa mwingine. Akipatwa na kuhara au surua katika hali hiyo, hana akiba ya kupigania.

Kwa hiyo mzazi ajue dalili. Bonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba kwa muda mfupi. Pakibaki shimo katika miguu yote miwili, huo ni uvimbe wa hatari. Kliniki zetu hupima pia mkono wa juu kwa utepe. Mtoto wa miezi 6 hadi miezi 59 ambaye mzunguko wa mkono wake haufiki sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali, na yapasa atibiwe bila ya kuchelewa. Mtoto mwenye mojawapo ya dalili hizi apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

KUACHISHA ZIWA KWA SHAURI

Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu amewaelekeza kina mama wawanyonyeshe watoto wao miaka miwili kamili, kwa atakaye kutimiza kunyonyesha. Akamjuza baba kuwa chakula na mavazi ya mama huyo ni juu yake kwa wema. Akakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake, wala baba kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake. Kisha akasema kwamba wawili hao wakitaka kumwachisha kabla ya muda huo, kwa kuridhiana na kushauriana, hapana ubaya.

Tazama, ewe ndugu, jinsi jambo hili lilivyotukuzwa. Kumwachisha mtoto mdogo ziwa kumewekewa sharti la kuridhiana na sharti la kushauriana. Iko wapi shauri hiyo katika nyumba ambamo baba hajui mwanawe aliachishwa lini? Liko wapi ridhaa pale mama anapopaka shubiri kwa kuogopa ulimi wa jirani?

Imepokewa katika Tabaqat ya Ibn Saad kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa hawapi watoto posho ya hazina mpaka waachishwe ziwa. Usiku mmoja, akilinda msafara uliopiga kambi, alimsikia mtoto akilia bila ya kunyamaza. Akamwendea mamake mara baada ya mara, hata mama yule, asiyemjua ni nani, akamwambia kuwa anamlazimisha kuacha ziwa kabla ya wakati wake, kwa sababu Umar hampi posho ila aliyeachishwa. Umar akaswalisha alfajiri, na watu hawakuweza kuisikia kisomo chake kwa wingi wa kulia. Kisha akatangaza wasiwaharakishe watoto wao kuacha ziwa, na kwamba kila mtoto azaliwaye katika Uislamu ana posho yake. Khalifa yule hakuona unyonge kubadilisha amri yake kwa ajili ya kilio cha mtoto mmoja. Basi na sisi tusione unyonge kubadilisha desturi.

Elimu ya tiba ya leo haikuondoka mbali na aya hiyo. Shirika la Afya Duniani lapendekeza mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza, bila ya hata maji, kisha aongezewe vyakula huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Na baada ya kuzaa, lashauri ipite angalau miezi 24 kabla ya kutafuta mimba nyingine. Mwenye kutaka nafasi hiyo baina ya watoto wake asidhani kuwa ametoka katika dini, kwani katika Bukhari na Muslim Jabir (r.a.) ametaja kuwa masahaba walikuwa wakifanya azl, yaani kumwaga nje, katika zama za kuteremka Qur'ani. Na njia nyinginezo zilizo salama mume na mke waulize kwa daktari na kwa mwanachuoni.

Ama mama ambaye ameshika mimba hali bado ananyonyesha, asiogope. Mama mwenye afya na chakula cha kutosha aweza kuendelea, na akiwa na dalili za mimba kutaka kutoka, au aliwahi kuzaa kabla ya wakati, amuulize daktari au mkunga wa kliniki. Mchanga akizaliwa, yeye atangulizwe ziwani, apate ile dang'a ya manjano ya siku za mwanzo. Kumwaga dang'a kwa kudhani ni uchafu ni kumnyima mchanga kinga yake ya kwanza. Na ikibidi mkubwa aachishwe, aachishwe polepole, nyonyo moja baada ya nyingine kwa majuma kadhaa. Apewe mbaazi au kunde zilizopondwa, samaki aliyetolewa miba, yai, maziwa, matunda, na uji mzito, mara kwa mara kwa siku, kwani tumbo lake ni dogo. Chai ya rangi si chakula.

UADILIFU BAINA YA MKUBWA NA MDOGO

Mwili hulishwa, na moyo nao hulishwa. Katika Sura Yusuf tumeelezwa kuwa watoto wa Nabii Yaakub walisema baba yao anampenda Yusuf na nduguye kuliko wao, na wivu huo ukawafikisha kisimani. Hao walikuwa wanaume wenye nguvu, wana wa Nabii. Je, mtoto wa miaka 2, akimfinya mchanga au akirudia kujikojolea, tumwite shetani? Huyo ameona mahali pake pamechukuliwa, wala hana ulimi wa kushitaki.

Bashir alipotaka kumshuhudisha Mtume (s.a.w.) zawadi aliyompa mwanawe Nuuman, aliulizwa kama amewapa watoto wake wote mfano wake. Aliposema la, Mtume akakataa kuishuhudia, akamwamrisha amche Mungu na awafanyie watoto wake uadilifu. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Sisi huitaja wakati wa kugawa nyumba na mashamba, tukasahau kwamba pajani na kukumbatiwa ndiyo mali ya mtoto mdogo. Al-Aqra bin Habis alipojisifu kuwa ana watoto 10 na hajapata kumbusu hata mmoja, Mtume (s.a.w.) alimjibu kuwa asiyerehemu hatarehemewa.

Tena tusimdanganye. Imo katika Sunan Abu Daud kwamba mwanamke mmoja alimwita mwanawe aje ampe kitu. Mtume (s.a.w.) akamuuliza alikusudia kumpa nini, akasema tende. Akamwambia kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uwongo. Basi vipi kuhusu "ziwa limeliwa na paka," au "mama amekwenda dukani, arudi sasa hivi," naye amelala hospitali siku mbili? Mtoto aambiwe ukweli kwa kadiri ya akili yake: mama amekwenda kuzaa, nyanya yuko nawe, mama atarudi.

KAZI YA BABA

Mwenyezi Mungu ametaja katika Sura Luqman, aya ya 14, kuwa mama humchukua mtoto katika udhaifu juu ya udhaifu. Mzazi wa siku arubaini hawezi kuwapakata wawili. Basi yule mkubwa ni wa nani? Ni wa baba kabla ya kuwa wa jirani.

Huenda baba akasema kuwa kazi hiyo yashusha hadhi. Twamwambia: Mtume wako aliswalisha watu hali amembeba mjukuu wake Umama, akisujudu humweka chini, akisimama humchukua. Na Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na swala ikifika hutoka. Hadithi zote mbili ziko katika Bukhari. Ikiwa hadhi ya Mtume haikushuka, yako itashukaje?

Na sheria ya nchi imemsaidia baba aliyeajiriwa, kwani Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yampa baba majuma 2 ya likizo yenye malipo mkewe anapojifungua, na mama miezi 3. Majuma hayo hayakuwekwa kwa ajili ya baraza na kahawa. Amwogeshe mkubwa, amlishe, amchukue msikitini na sokoni, amlaze usiku. Asiye na likizo, mfano wa mvuvi au mwenye duka, atenge saa baina ya alasiri na magharibi.

Kina nyanya nao wana nafasi kubwa. Nyanya akimchukua mjukuu kwa siku chache ni msaada, lakini asikatwe na mamake kwa miezi, na ampeleke amwone kila siku ikiwezekana. Na wageni, mwendapo kumpa mzazi hongera, mwanzeni mkubwa kwa salamu. Mchukulieni yeye yai au ndizi, maana mchanga hana haja na zawadi zenu. Na yule mzaha wa kuwa mama si wake tena uachwe kabisa.

Tunawaomba wanadarasa, wanaume kwa wanawake, kila mmoja airudie aya ya 233 ya Suratul Baqara nyumbani kwake pamoja na mwenzake wa ndoa, kisha waulizane: mtoto wetu aliachishwa kwa shauri, au kwa hofu? Na ambaye nyumbani kwake au kwa jirani yake yumo mtoto aliyevimba miguu, na watu wanasema amebemendwa, asingoje darasa lijalo. Amfunge mbelekoni ampeleke hospitali leo.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wachanga wetu na waliowatangulia, na atupe huruma kwa wasioweza kujisemea. Wabillahi tawfiq.